Kijana, Simu na Nafasi Iliyoachwa Wazi

Mwanafunzi wa shule ya bweni, awe Tanzania au Kenya, huishi muhula mzima bila simu. Shule zinaikataza, na anayekamatwa nayo huadhibiwa, pengine hata kusimamishwa masomo. Kisha likizo inafika. Siku anayoshuka kwenye basi ndiyo siku anayoshika simu, na tangu hapo wazazi hawauoni uso wake. Anakula nayo, anaingia nayo bafuni, analala nayo chini ya mto. Wiki ya pili nyumba imeshachafuka: mama anafoka, baba anaapa kuipasua, kijana amejifungia chumbani na kutoka kuamkia wageni hataki. Likizo ikiisha anarudi bweni na nyumba nzima inashusha pumzi. Hakuna aliyemfundisha chochote, na likizo ijayo ugomvi ni uleule.

Mengi yanayoandikwa duniani kuhusu vijana na simu yanatoka Marekani na Ulaya, ambako mtoto ana simu yake mfukoni mwaka mzima na mzazi anagombania dakika. Kwetu hali ni nyingine. Kijana wetu ama amenyimwa simu kabisa, ama ameachiwa kabisa. Pale katikati, ambapo angejifunza kuitumia kwa kiasi huku mkubwa akimwangalia, hapana kitu. Kilele chake ni miezi inayofuata mtihani wa kidato cha nne. Tanzania mtihani hufanyika Novemba, matokeo hutoka Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Hiyo ni zaidi ya nusu mwaka ya kukaa nyumbani, katika umri wa miaka 16 au 17, na ndio wakati ambao familia nyingi hutoa simu janja ya kwanza iwe zawadi ya kumaliza shule. Kenya nako, kipindi kati ya mtihani wa kidato cha nne na kuingia chuoni ni kirefu vilevile. Mtoto ambaye kwa miaka minne hakuaminiwa hata kupewa simu ya kitochi anakabidhiwa intaneti nzima kwa mkupuo, bila neno ila "uitumie vizuri, mwanangu". Hakuna mzazi wa Pwani anayemfundisha mtoto kuogelea kwa kumzuia asiguse maji miaka kumi na sita, kisha akamsukuma kilindini.

Hoja yangu ni kwamba tunagombania kisichokuwa kiini. Tunahesabu saa, tunapokonya, tunarudisha, tunapokonya tena. Simu haikuvamia nyumba iliyojaa. Iliingia mahali palipokuwa pameachwa wazi: usiku usio na mlinzi, mtaa ambao viwanja vyake vya mpira vimeshajengwa nyumba na fremu za maduka, na mazungumzo ambayo wazazi kwa haya hawayafanyi, huku waliokuwa wakiyafanya kwa niaba yao wakiwa mbali. Mzazi anayetaka kuipunguza simu bila kujaza nafasi hiyo atachoka bure.

Tuanze na yanayojulikana. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford, Amy Orben na Andrew Przybylski, walichapisha uchambuzi wa takwimu za vijana zaidi ya laki tatu wa Marekani na Uingereza. Waliona kwamba matumizi ya vifaa vya kidijitali yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi kati ya kijana na kijana. Mwaka 2023 Vivek Murthy, aliyekuwa daktari mkuu wa serikali ya Marekani, alitoa tahadhari rasmi kwamba vijana wanaokaa kwenye mitandao ya kijamii zaidi ya saa tatu kwa siku wana hatari maradufu ya matatizo ya afya ya akili, zikiwemo dalili za sonona na wasiwasi. Mwaka uliofuata mwanasaikolojia Jonathan Haidt alitoa kitabu The Anxious Generation, akisema simu janja imekibadili kizazi kizima na kukiumiza. Mwenzake Candice Odgers akamjibu katika jarida la Nature kwamba ushahidi wake hauonyeshi kama simu ndiyo inayomtia kijana huzuni, au kijana mwenye huzuni ndiye anayeikimbilia simu.

Mabishano haya hayajaisha, na mzazi hana sababu ya kuyangoja yaishe. Wastani wa watoto laki tatu hausemi lolote juu ya mmoja aliye sebuleni kwako. Wapo wanaotumia simu saa nyingi na wako salama: wanajisomea, wanahariri video, wanajifunza Kiingereza, wanazungumza na mama aliye Muscat au Riyadh akifanya kazi za ndani huku wao wakilelewa na bibi. Kwa huyo wa mwisho, kunyang'anywa simu kwa adhabu ni kunyang'anywa mama. Na wapo wanaoitumia saa moja tu, lakini katika saa hiyo mtu mzima ambaye mzazi hamjui anawaomba picha. Saa ni kipimo rahisi, ndiyo maana tunakipenda. Hakitufikishi mbali.

Usingizi, hata hivyo, ni jambo ambalo halina mabishano makubwa. Wataalamu wa tiba ya usingizi nchini Marekani wanapendekeza saa 8 hadi 10 za kulala kwa kijana wa miaka 13 hadi 18. Balehe yenyewe husogeza mbele saa ya mwili: homoni inayoleta usingizi huchelewa kutoka, kwa hiyo kijana ambaye saa tatu usiku yuko macho makavu hakaidi mtu, ni mwili wake ulivyo. Sasa mweke katika maisha yetu. Mwanafunzi wa kutwa Dar es Salaam au Nairobi huamka saa kumi au kumi na moja alfajiri ili awahi daladala au matatu. Hata angelala saa nne kamili usiku, tayari amepungukiwa. Mpe simu chumbani, na saa nne inakuwa saa nane.

Hapa pana jambo ambalo wazazi wengi hawalitazami. Kampuni za simu zimekuwa zikiuza vifurushi vya intaneti vya usiku wa manane kwa bei ndogo kuliko vya mchana, kwa kuwa saa hizo mitambo haina watumiaji wengi. Kibiashara ni jambo la maana. Lakini kwa kijana asiye na kipato, maana yake ni kwamba saa anayoimudu ndiyo saa ambayo angepaswa kuwa amelala. Anajiunga saa sita usiku na kuzima alfajiri. Asubuhi mama anamkuta hajiwezi na anamwita mvivu. Mwalimu anamkuta amesinzia darasani na kumsimamisha ukutani. Hakuna anayemuuliza alinunua bando gani.

Ndiyo maana, kama ningeombwa sheria moja tu ya nyumbani, ningesema simu zilale sebuleni. Zote, ya baba na ya mama pia, kuanzia saa iliyokubaliwa, zikichajiwa mahali pamoja. Ni sheria isiyohitaji ujuzi wa kompyuta, haimshutumu mtoto kwa lolote, na inalinda kitu ambacho tuna hakika nacho. Nyumba ya chumba kimoja na sebule inaweza kuifuata. Nyumba ya ghorofa nayo inaweza. Mzazi akisema simu yake lazima ibaki kitandani kwa sababu ndiyo saa yake ya kuamkia, saa ya mezani inapatikana sokoni kwa bei ndogo.

Inafaa pia tumtendee haki kijana kuhusu hicho tunachokiita kukosa nidhamu. Ukurasa unaoteleza bila kufika mwisho ulibuniwa mwaka 2006 na mhandisi Aza Raskin, ambaye baadaye amejutia hadharani athari zake. Alama ya kupenda iliingia Facebook mwaka 2009. Programu za video fupi zimeunganisha vyote viwili: video ya kwanza haikupendezi, ya pili nayo, ya tatu inakuchekesha mpaka machozi, na hujui ijayo ni ipi. Zamani mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha kwa njiwa na panya kwamba zawadi isiyotabirika hujenga tabia ngumu kuvunjika kuliko zawadi inayokuja kila mara. Dhidi ya mashine hiyo anakaa mtoto ambaye sehemu ya mbele ya ubongo wake, ile ya kujizuia na kupima matokeo, haijakomaa mpaka atakapopita miaka 20. Tangu Machi 2023 TikTok imeweka kikomo cha dakika 60 kwa siku kwa walio chini ya miaka 18, lakini aliyefikisha miaka 13 anaweza kuandika namba ya siri yeye mwenyewe na kuendelea. Na mtoto aliyedanganya umri siku ya kufungua akaunti hakutani na kikomo hicho kabisa.

Neno uraibu nalo tulitumie kwa uangalifu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linatambua ugonjwa wa kucheza michezo ya kidijitali. Mitandao ya kijamii haimo. Na hata kwa michezo, kigezo si saa. Ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya chakula, masomo na watu, na kuendelea ingawa unamharibia maisha, kwa kawaida kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi. Kijana anayekasirika ukimzimia simu hajawa mgonjwa. Kijana aliyeacha kuoga, kula na marafiki anahitaji msaada, na huenda simu ndiyo kitu cha mwisho kilichomshikilia.

Wazazi wanafanya nini? Wengi wanapokonya. Ni silaha iliyo karibu, na kwa muda mfupi inafanya kazi. Lakini kijana aliyekosa simu hajakosa intaneti. Ana ya rafiki, ya dada wa kazi, ya kinyozi wa mtaani, au ya pili ambayo hujui kama ipo. Korea Kusini ilijaribu kwa sheria: kuanzia mwaka 2011 walio chini ya miaka 16 walizuiwa kucheza michezo ya mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wakaingia kwa namba za utambulisho za wazazi wao, na baada ya miaka kumi serikali ikaamua kuifuta sheria hiyo. Kama dola yenye teknolojia ile imeshindwa, baba mmoja anayerudi kazini saa mbili usiku hataweza kwa nguvu peke yake.

Kisa cha Korea kinatugusa kwa namna nyingine. Laini ya simu kwetu inasajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, na kitambulisho hicho hutolewa kwa mtu aliyetimiza miaka 18. Maana yake laini ya kijana wa sekondari mara nyingi iko kwa jina la mtu mzima, kwa kawaida mama yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, na ile ya Kenya ya mwaka 2018, zinafanya kusambaza picha za ngono kuwa kosa la jinai, na picha ya mtoto ni kosa zito zaidi. Mvulana anayeirusha kwenye kundi la darasa picha ya mwanafunzi mwenzake aliyoletewa na rafiki anadhani ni utani wa shule. Akishtakiwa, uchunguzi utaanzia kwa mwenye jina la laini. Jambo hili linafaa kusemwa mezani kwa sauti ya kawaida, kabla halijatokea.

Wengine wanategemea programu za udhibiti. Google ina Family Link tangu mwaka 2017, na simu nyingi za sasa zina kipimo cha muda ndani yake. Zinasaidia, hasa kwa mtoto wa miaka 11 hadi 13. Lakini zinadai mzazi awe na simu janja yake, bando, na ujuzi wa kuipanga. Katika nyumba nyingi mtoto ndiye aliyeipanga simu ya mama, ndiye anayemfungulia WhatsApp, na ndiye anayejua namba ya siri ya M-Pesa kwa sababu hutumwa kutoa hela kwa wakala. Sonia Livingstone wa London, aliyechunguza jambo hili katika nchi nyingi, ameonyesha pia upande wa pili: wazazi wanaobana sana hupunguza hatari, ila hupunguza na fursa na stadi za mtoto, na wanaoshiriki na mtoto huongeza fursa lakini hatari nazo huongezeka kidogo. Ninavyoona mimi, busara ni kubana mapema na kulegeza mapema. Miaka 12, simu ya familia, sebuleni, mbele ya watu. Miaka 14, likizo, kwa saa zilizokubaliwa. Miaka 16, yake, ikilala sebuleni. Sisi tunafanya kinyume: tunamwachia mtoto wa miaka minne katuni mpaka asinzie, kisha tunaanza kupiga marufuku akiwa na 15.

Kati ya nafasi zile zilizoachwa wazi, ya mazungumzo ndiyo inayoniuma zaidi, na ndiyo inayozungumzwa kidogo.

Katika jamii nyingi za Tanzania na Pwani ya Kenya, mzazi hakuwa mtu wa kuzungumza na mwanawe mambo ya mwili na mapenzi. Haya ilikataza, na haikuwa kasoro, maana kazi hiyo ilikuwa na wenyewe. Palikuwa na jando na unyago. Binti alikuwa na somo yake au kungwi. Palikuwa na shangazi, na palikuwa na bibi na babu ambao, kwa utani wa mjukuu, waliweza kusema na kusikia yasiyosemeka mbele ya baba. Kila kijana alikuwa na mtu mzima mmoja wa kumwendea na aibu yake. Sisemi turudishe unyago kama ulivyokuwa. Mengi yake, likiwemo la kuwaandaa watoto kwa ndoa kabla ya umri, yameachwa kwa sababu nzuri. Nasema kazi ile ilikuwa ya lazima, na tulipoiacha hatukumkabidhi mtu. Shangazi yuko Mbeya, sisi tuko Mbagala. Bibi anaonekana Krismasi au Idi. Wazazi wameendelea kuona haya kama zamani, ila sasa hakuna anayesema kwa niaba yao.

Kijana hakuacha kuuliza. Anaiuliza simu, usiku, peke yake. Anauliza kuhusu hedhi iliyochelewa, ndoto, chunusi, maumbile yake kama ni ya kawaida, namna ya kumwambia mtu kwamba anampenda. Anachojibiwa ni mchanganyiko wa elimu ya kweli, matangazo ya dawa za kuongeza maumbile, na ponografia inayomfundisha kwamba mwanamke ni kitu cha kufanyiwa. Na upande wa pili wa skrini wamo watu wazima wanaojua kusikiliza vizuri kuliko baba.

Mwaka 2021 na 2022 mashirika ya ECPAT, INTERPOL na UNICEF yalichapisha ripoti za utafiti uitwao Disrupting Harm uliofanyika katika nchi kadhaa, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, kuhusu watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti. Mambo mawili yake yanatosha kumtikisa mzazi yeyote. La kwanza, mkosaji mara nyingi ni mtu ambaye mtoto alikuwa anamfahamu tayari, si lazima mgeni wa mbali. La pili, watoto wengi waliofanyiwa mabaya hawakumwambia mtu.

Fikiria kwa nini. Binti wa kidato cha tatu ametuma picha yake kwa mvulana aliyemwamini. Mvulana, au mtu aliyejifanya mvulana, anamwambia: nitumie hela, au nitumie nyingine, la sivyo naipeleka kwenye kundi la shule. Saa ileile binti anakumbuka maneno aliyoyasikia nyumbani mara nyingi: "Nikukute na upuuzi kwenye simu hiyo, utanitambua." Akisema, atapigwa, atapokonywa simu, huenda ataachishwa shule. Akinyamaza, ana nafasi ya kuyamaliza mwenyewe. Kwa hesabu yake kunyamaza ni busara. Kwa hiyo analipa, na anayelipwa anadai zaidi. Ukali wetu, tuliodhani ni ngome, ndio uliomfungia ndani na adui yake.

Kwa hiyo neno muhimu kuliko kikomo chochote cha saa ni ahadi ya mzazi kwamba mtoto akija mwenyewe kusema, hatapigwa na simu haitachukuliwa. Ni ahadi ngumu. Siku itakapojaribiwa, damu itachemka. Lakini ikivunjwa mara moja, mdogo wake aliyekuwa akitazama naye hatasema kamwe. Na kwa yale ambayo mtoto hawezi kumwambia mzazi hata kwa ahadi, ateuliwe mtu: shangazi, mama mdogo, mjomba, binamu mkubwa mwenye akili, mwalimu wa madrasa au wa Sunday school anayeaminika kweli. Ateuliwe kwa jina, mwenyewe akubali, na kijana aambiwe wazi, "Jambo lolote, hata kama hutaki sisi tulijue, mpigie shangazi." Hapo simu ileile tunayoilaumu inamleta shangazi wa Mbeya chumbani mwa mtoto. Shangazi naye apewe masharti: hachapi na hatangazi, ila panapo hatari kwa maisha au mtu mzima anayemnyemelea mtoto, lazima aseme.

Neno moja kuhusu simu ambayo mzazi hakuinunua. Binti akionekana na simu mpya na jibu ni "nimepewa na rafiki", huo si wakati wa kuipasua. Kuipasua ni kupoteza ushahidi na kumrudisha kwa aliyeitoa, sasa akiwa na deni. Kaa naye, uliza nani, tangu lini, anataka nini. Mara nyingi jibu ni mwanamume mtu mzima, na hapo suala limeshatoka kwenye simu likaingia kwenye sheria.

Wavulana tunawasahau. Akijifungia na simu tunasema ni mpira tu. Mara nyingi ni mpira kweli, lakini wenye hela ndani yake. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka uliofuata, na urahisi uleule unaomwezesha mama kulipa ada kwa simu unamwezesha mvulana wa miaka 15 kuweka mkeka wa kamari kwa laini ya mama. Sheria inasema miaka 18, lakini laini inasema ni mama. Mwishoni mwa Aprili 2025 Kenya ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30 baada ya kilio cha wananchi, na mengi katika kilio hicho yalihusu vijana. Mzazi hahitaji kungoja serikali. Abadili namba ya siri ya pesa leo, asimtajie mtoto, na awe anasoma ujumbe wa miamala. Kijana aliyekuwa mchangamfu na ghafla anauza viatu vyake ana jambo.

Lakini hatuwezi kumtwika mzazi mzigo wote. Australia, kuanzia tarehe 10 Desemba 2025, imekataza walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii, na faini, hadi dola milioni 49.5 za nchi hiyo, ni ya kampuni. Mtoto hatozwi, wala mzazi. Sijui kama katazo hilo litafua dafu zaidi ya lile la Korea, lakini kanuni ya nani alaumiwe naikubali bila kusita: aliyetengeneza mashine ndiye wa kwanza. Kenya, ambayo ripoti ya habari za kidijitali ya Reuters Institute ya mwaka 2023 iliiweka juu ya nchi zote ilizozichunguza kwa matumizi ya TikTok, ilipokea Bungeni mwaka huohuo ombi la kuufunga mtandao huo. Kuufunga mmoja hakusaidii, kwa kuwa vijana watahamia mwingine kabla ya jua kuchwa. Serikali zetu zina kazi nyepesi zaidi ambazo hazijafanyika: kuzitaka kampuni za simu ziache kuwauzia vijana usiku wa manane kwa bei ya kutupa, na kuzibana za kamari zithibitishe umri wa mchezaji badala ya umri wa laini.

Shule nazo. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 ilisema ni chini ya nchi moja kati ya nne duniani iliyokuwa na sheria au sera ya kukataza simu janja shuleni, na Ufaransa ilisifiwa sana kwa sheria yake ya mwaka 2018. Sisi tumekataza siku nyingi, na darasani katazo lina faida, sitaki liondolewe. Lakini wakati wa korona, shule zilipofungwa kuanzia Machi 2020, Kenya kwa wanafunzi wengi hadi Januari 2021, tuliwaambia watoto haohao wasome kwa WhatsApp, bila hata saa moja ya kuwafundisha namna ya kuishi na chombo hicho. Kidato cha tatu na cha nne kinahitaji kipindi cha simu mezani, mwalimu akiwepo: namna ya kuzima arifa, kutambua akaunti ya uongo, kuhifadhi ushahidi wa vitisho, kutafuta jibu la kweli la swali la aibu. Vipindi vichache kabla ya mtihani wa Novemba vingewakuta vijana kabla zawadi haijawakuta.

Likizo ijayo haiko mbali. Mzazi mwenzangu, kabla mtoto hajashuka kwenye basi, kubaliana na mwenzio ni saa ngapi simu za nyumba nzima zitalala sebuleni, badili namba ya siri ya pesa, na mpigie shangazi umwombe kazi yake ya zamani. Kisha siku unayomkabidhi kijana simu, iandikeni pamoja namba ya msaada kwa watoto. Tanzania na Kenya ni ileile, 116, na kuipiga ni bure.